Mtani wa Kampuni

Kampuni iliyofungua duka Salale ilitoka ng'ambo na kila kitu isipokuwa akili ya kununua. Ilikuja na mabati, makasha ya vitambaa, mizani ya chuma, na Mzungu mmoja mrefu ambaye watu hawakukawia kumpa jina la Bwana Mizani. Alipanga bidhaa zake, akaandika bei ukutani, akaketi kungoja mpira na nta vishuke kutoka milima ya Umatumbi. Miezi minne mizima aliambulia mbu. Wachuuzi wa bara walipita mbele ya duka lake na mizigo kichwani, wakaenda kwa matajiri wa zamani wa mtoni, ambao bei yao ilikuwa mbaya kuliko yake.

Aliyemfumbua macho alikuwa Mwinjuma, Mndengereko wa Kibiti, aliyefanya kazi ya kuhesabu boriti za mikoko hapo Salale. Alimweleza kwamba mtu aliyetembea siku sita na mzigo hauzi mlangoni kama mwombaji. Huuza kwa mwenyeji wake. Mwenyeji humpa pa kulala, humlisha wali na samaki siku mbili tatu, humuuliza habari za shamba na za wagonjwa. Akiugua humwuguza, akifa humzika. Mzigo hufunguliwa baada ya hayo yote, na ukishafunguliwa hauondoki. Bwana Mizani aliyaandika kwenye daftari, akawapelekea wakubwa wake huko kwao, na jibu liliporudi Mwinjuma akawa wakala, mwenye kanzu mpya na nyumba ya wageni ya vyumba vinne iliyojengwa na kampuni.

Mgeni wa kwanza alikuwa Mtoro, mgema mpira wa Umatumbi. Ukoo wake na ukoo wa Mwinjuma walikuwa watani tangu mababu, na walipokutana walitukanana matusi ya kuchemsha maji. Mara ya kwanza Bwana Mizani alikimbilia kuwaamua. Alipoelezwa kwamba watani hutukanana kwa haki yao, na mwenye kukasirika ndiye mkosaji, alicheka sana, na hilo nalo akaliandika. Mtoro akaleta ndugu zake, ndugu wakaleta majirani. Mwaka wa pili kampuni ilikuwa ikiulizia kiwanja Kibiti, na Mwinjuma kichwa kilimvimba. Alijiona yeye ndiye aliyeishika kampuni mkono akaiingiza nchini, na wala hakukosea.

Kisha Umatumbi kukawaka. Watu waling'oa pamba ya serikali, habari za maji ya dawa yanayoyeyusha risasi zikateremka na mto, na askari wakawekwa kwenye gati la Salale kumzuia kila atokaye juu. Ili duka lisifungwe, Bwana Mizani aliiahidi serikali kwamba wageni wa kampuni ni watu salama, na kwamba Mwinjuma ndiye atakayewatambua mmoja mmoja.

Mtoro alifika asubuhi moja na mtumbwi uliopakia mpira, amekonda mpaka mashavu yameingia ndani. Alikuwa ameikimbia vita. Alikuwa amemwacha mkewe, Mwanahawa, mafichoni, na sasa alitaka chumvi na nguo arudi kumchukua. Askari walikuwa wamekwisha kumshika mkono pale Mwinjuma alipotokea na Bwana Mizani. Kumwona mtani wake yu hai, furaha ikamtangulia akili.

"Mfungeni huyo," alisema. "Kanywa maji ya mganga mtungi mzima, ndiyo maana mto umepungua."

Mtoro akaangua kicheko. "Na weye nilikubakishia kata moja," alijibu, "ukainywa, hata asante hukusema."

Ndivyo watani wanavyoamkiana, na mtu yeyote wa Kibiti angecheka nao. Lakini mkubwa wa askari alitoka nchi nyingine. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akaishusha bunduki begani.

Bwana Mizani alisogea karibu. Mtu wa watu, alikuwa amekumbuka daftari lake.

"Mwinjuma," aliuliza, "huu ni ule utani wenu?"

Neno moja tu lilitakiwa. Mwinjuma aliitazama bunduki, akaifikiria ile kata aliyotajiwa kuinywa, akaona kwamba akimtetea Mtoro wataanza kumuuliza na yeye. Akaifikiria nyumba yake ya vyumba vinne.

"Hapana, Bwana," alisema. "Leo si utani."

Mtoro alizidi kucheka. Aliendelea kucheka hata walipokuwa wakimfunga kamba, akingoja mwenzake aumalize mchezo. Mwinjuma alijiambia kwamba kesho atakwenda bomani kueleza kwa utulivu. Kesho ikampita kwa woga, akaenda kesho kutwa, akakuta Mtoro ameshanyongwa. Alilia pale langoni mpaka walinzi wakamfukuza.

Kampuni ilimpandisha cheo, ikampa nyumba mpya ya wageni Kibiti. Wageni hawakuwepo, lakini nyumba ilikuwepo. Mwinjuma alikaa barazani akiinamisha uso kila alipopita mtu, kwa soni ambayo hakuna aliyejua chanzo chake.

Vita ilipopoa na njaa kushika nafasi yake, Mwanahawa alifika Kibiti kwa miguu, amejifunga kaniki ya msiba iliyochakaa. Alikuja kushukuru. Alikuwa ameambiwa kwamba Mwinjuma alimlilia mumewe bomani, wakati wenye damu yake walikuwa msituni wamejificha. Mwinjuma alifumbua kinywa ili amweleze yote, na kwa hakika alikusudia. Mwanamke akamwahi. Kwao, alisema, mjane hatoki msibani mpaka mtani wa marehemu amtanie maiti, naye mjane acheke. Watani wengine wote wamekufa vitani. Amebaki yeye.

"Mtanie, shemeji," alisema, "niivue kaniki hii."

Mwinjuma alimtania. Alisema Mtoro alikuwa bahili, hata kukoroma alikoroma nusu usiku, nusu ya pili akaiweka akiba. Alisema huko aliko wafu wamemchoka, wanatafuta wa kumrudisha. Alitania vizuri kuliko siku zote za maisha yake, mpaka Mwanahawa akacheka ameshika mbavu na machozi yanamtoka, kisha akamwombea dua yeye na watoto wake, akaenda zake.

Mwinjuma aliingia chumbani akafunga mlango. Pale Salale alikuwa na kisingizio cha bunduki. Leo alimwangalia mwanamke yule usoni, hakuna aliyemtisha, akamficha ukweli, na ameshukuriwa.