Mpishi wa Kanyakine Anayetaka Kuiona Gede kwa Macho Yake

Jua la saa nne limeshaingia jikoni. Karwirwa ameketi kwenye kigoda, miguu ameinyoosha mbele, anachambua maharagwe. Kila baada ya muda anaweka ungo chini, anasugua goti la kushoto, kisha anaendelea. 

Haya ni maharagwe ya safari. Alhamisi, wasichana wa kidato cha tatu wa shule hii ya bweni iliyo nje kidogo ya Kanyakine, kaunti ya Meru, watapanda basi kwenda Pwani kujionea magofu ya Gede, mikoko ya Mida na bahari ya Watamu. Watakwenda na magunia ya viazi, kabichi, mahindi na sufuria zao wenyewe, maana mtu wa huku Imenti hasadiki kwamba tumbo linaweza kusafiri bila githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.

Kwa zaidi ya miaka kumi, Karwirwa, ambaye sasa ana umri wa miaka hamsini na minane, ndiye amekuwa akisafiri na sufuria hizo. Muulize habari za Gede, atakueleza yote: msikiti mkuu, kasri la watawala, visima, kima wanaopora ndizi mikononi mwa watu. Ameyajulia wapi? Kwa wasichana, jioni, wakija kupanga foleni na sahani.

"Pwani naijua kwa masikio," anasema. "Nimelala huko, nimefagia huko, nimeungua mkono huko. Lakini kuona, sijaona."

Mambo yaliharibika safari ya kwanza. Shule ya msingi iliyowapa madarasa ya kulala ilikuwa na kisima, naye, mtu aliyezaliwa akinywa maji ya mlima, hakufikiria mara mbili. Maji ni maji. Akateka, akabandika githeri asubuhi, akachochea moto. Saa sita, maharagwe magumu. Saa kumi, magumu vilevile. Kisima kile kilikuwa cha maji ya chumvi, na maharagwe hayalainiki kwa maji hayo hata uyachemshe hadi kiyama. Wasichana walirudi kutoka matembezini wakiimba, wakalala na chai kavu, na kesho yake mmoja akazirai katikati ya magofu.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku hiyo Karwirwa hubeba madumu ya maji kutoka nyumbani, na habanduki motoni hata aitwe vipi. Walimu wamembembeleza angalau aende akaoshe miguu baharini. Yeye hutikisa kichwa na kuongeza kuni.

Mwaka jana Mwalimu Kithaka, anayefundisha historia na ndiye msimamizi wa safari, alichoka kubembeleza. Akaamua kwamba mchana wa Gede watu wote wale mkate na mayai ya kuchemsha, na mpishi apande basi kama wengine. Karwirwa akaamka kabla jogoo hajawika, akachemsha mayai ya basi zima, akafunga kitambaa chake kipya, akaenda. Akapita lango la Gede kwa mara ya kwanza. Akaketi kwenye kizingiti cha nyumba moja ya kale, kivulini, ili magoti yapumue kidogo wakati mwelekezi anaanza maelezo.

Alipofumbua macho, basi lilikuwa linapiga honi. Wasichana walikuwa wamemfunika leso na kumwacha alale, wakidhani wanamtendea wema. Na maskini, walikuwa wanamtendea wema kweli.

Nyumbani, mumewe Salesio, mkulima wa ndizi, akamuuliza ameona nini huko. Akamjibu kwamba ameona ukuta. Salesio akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akagundua mwenzake hacheki. Akaenda mwenyewe kumchemshia chai, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea katika boma lile.

Safari ya Alhamisi ndiyo ya mwisho. Desemba anastaafu kwa sababu ya magoti, na kwa mshahara wake wa shilingi elfu kumi na nne, hakuna siku atakayojilipia nauli ya kwenda Pwani kutembea tu. Kwa hiyo aliomba safari hii aende kutazama, si kupika, na juzi Jumatatu, mwalimu mkuu, Bi Kaari, alipomwita ofisini, alikwenda na matumaini. Akaambiwa kwa upole kwamba mpishi mpya, Bundi, ndiye atakayekwenda. Yeye abaki nyumbani, apumzike, ametumika vya kutosha.

Alisimama pale na aproni yake ya jikoni, akashukuru, akafika mlangoni. Halafu akarudi. Alikuwa hajawahi kurudi mbele ya mkubwa wake tangu aanze kazi.

"Mimi sikuomba kupumzika, Madam," akamwambia. "Mimi niliomba kuona."

Viti vyote vimelipiwa na wazazi, Bi Kaari akamwambia; kilichobaki ni pale nyuma, penye magunia na madumu. Karwirwa akasema patamtosha, maana ndipo amekuwa akikaa miaka yote. Mwalimu mkuu akakubali, ila kwa sharti moja: asiguse mwiko, hata akisikia harufu ya chakula kuungua.

Sharti hilo si jepesi. Tangu asubuhi amemweleza Bundi, mwanamume mpole aliyetoka kupikia wanafunzi wa chuo kwenye hosteli za Nchiru, habari ya yale maji ya chumvi, na bado hajatulia. Anaogopa wasichana watalala njaa. Anaogopa pia magoti yasije yakamwangusha kwenye mawe ya kasri. Na amechoka, hafichi. Amechoka kiasi kwamba hata furaha yenyewe anaiona ni kazi.

Maharagwe yamekwisha. Anamkabidhi Bundi ungo, anashika ukuta, anajisukuma mpaka anasimama.

"Nitaenda polepole, nyuma ya wote," anasema. "Na msichana yeyote akiniuliza chakula kitaiva saa ngapi, nitamwambia sijui. Nitamwambia mimi ni mgeni hapa."