Meno Yangu Niliyoyagawa Mafungu Manne

Mnisamehe kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba na kalamu naishika mara chache, kwa hiyo naandika polepole, na nilipokosea herufi naomba mnivumilie. Daktari wa meno ndiye aliyeniambia niandike katika daftari hili la benchini, ili mnaosubiri mpate cha kusoma badala ya kusikiliza mashine. Kusema mbele ya watu siwezi.

Naitwa Neema, nina miaka ishirini. Nimezaliwa kijiji kimoja chini ya Mlima Meru, na nilipofika miaka kumi baba alituhamishia Kibaha. Kule kwetu meno ya kahawia ni kitu cha kawaida. Baba anayo, mama anayo, hata mwalimu wetu alikuwa nayo. Sikujua kuwa ni kasoro mpaka nilipoingia shule huku Pwani, mtoto mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani wewe hupigi mswaki?" Tangu siku hiyo nikawa nacheka nimeziba mdomo kwa kiganja.

Sasa nauza mananasi kituo cha Kwa Mathias, hapa Kibaha, pamoja na jirani yetu Mama Mwanaidi. Mananasi yanatoka shambani kwao Kibuta. Yeye anaita wateja, mimi namenya na kukata nimeinama, na mpango huo ulinifaa. Lakini kijana mmoja wa bodaboda aliniona siku moja nikipiga mwayo. Akasema, "Dada, hayo meno ya chai, bado andazi tu." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa kiganja.

Kisha binti yake, Mwanaidi, rafiki yangu, akachumbiwa, akanichagua niwe mpambe wake. "Kazi yenyewe ndogo," aliniambia. "Unakaa pembeni yangu, unatabasamu, basi." Zilibaki wiki sita. Nikaamua kuwa meno lazima yawe meupe.

Kila niliyemuuliza alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema mkaa uliosagwa pamoja na chumvi. Mwingine ndimu na magadi soda. Mchuuzi mmoja stendi aliniuzia kichupa cha maji makali kisicho na karatasi yoyote ya maelezo. Bibi yake Mwanaidi alisema mswaki wa mti unatosha. Nilitaka kujua nani anasema kweli, na nikitumia vyote kwa pamoja nitajuaje kipi kimefanya kazi?

Mama Mwanaidi ana desturi yake shambani. Akipata mbolea mpya haimwagi shamba zima. Mstari huu anatia samadi, ule majivu, mwingine anauacha hivihivi, halafu anangoja aone. Nami nikaugawa mdomo wangu vivyo hivyo. Juu kulia mkaa, juu kushoto ndimu na magadi, chini kulia kichupa, na chini kushoto mswaki wa mti na maji matupu. Kila asubuhi nilisimama uani na kioo kidogo, nikikagua mistari yangu.

Wiki ya kwanza ilinifurahisha sana. Upande wa ndimu uling'aa. Upande wa mkaa ulionekana safi nikishasukutua, ila mstari mweusi ulibaki penye fizi na haukutoka. Kichupa kilichoma, nikadhani ndiyo kazi yake. Kwenye mswaki wa mti hakuna kilichobadilika.

Hapo ndipo nilipokosea. Shambani, mstari unaostawi huongezewa mbolea. Nami nikaongeza ndimu, ikawa asubuhi na jioni.

Wiki ya pili ule mng'ao ukaisha. Meno yakawa hayana nuru, kama chaki, na kahawia yake ilionekana palepale. Maji ya baridi yakaanza kuniuma, kisha hata upepo nikifungua mdomo. Fizi za chini kulia, penye kichupa, zikageuka nyeupe kama vidole vilivyokaa sana majini, zikachubuka, nikawa natema damu. Niliishi kwa uji wa vuguvugu. Siku moja mteja akataka kujua kama nanasi ni tamu, nikaonja kipande. Maumivu yalipanda kutoka jino la mbele mpaka sikioni. Nikaweka kisu chini, nikakaa.

"Fungua mdomo," akasema Mama Mwanaidi.

"Hapana, mama."

"Neema, mimi si mteja. Fungua."

Nikafungua. Alitazama kwa muda mrefu, nami nikamweleza mistari yangu yote. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umeunguza shamba." Kesho yake akafunga biashara, akanileta hapa.

Daktari aligonga jino la mbele kwa kichuma, akalipulizia upepo, machozi yakanitoka. Nilimuuliza kama litang'oka.

"Liko hai," alisema. "Lakini ngozi yake ya juu imelika, na haioti tena. Ukiendelea na ndimu, nitakuja kuling'oa mimi mwenyewe. Nani amekwambia haya ni uchafu?"

"Si ni kahawia?"

"Ulizaliwa wapi?"

Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Alisema maji ya kule yana madini mengi yaitwayo floraidi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaumbika, rangi inaingia ndani. "Hiyo ni kama maua ya kanga," alisema. "Utafua mpaka kanga ipasuke, maua yapo."

Woga ukanipungua, nikauliza mengi. Alinieleza kuwa weusi wa chai na sigara hukaa juu, na hospitali huusafisha bila kuumiza jino. Ipo pia dawa ya kung'arisha, lakini daktari huiweka akiwa amezikinga fizi, na kwa meno kama yangu inaweza kutoa madoa yasiyolingana. Madoa makubwa hufunikwa kwa dawa nyeupe ya kujazia meno. Yote hayo baada ya kupona. Akaniandikia dawa ya kupigia mswaki, ya kutuliza maumivu ya baridi. Niliposoma boksi nikaona ina madini yaleyale, nikamuuliza mbona ananirudishia ugonjwa. Akacheka. "Ni kama chumvi kwenye mboga. Kidogo inafaa, na meno yako yamekwisha kuumbika, hayatabadilika rangi."

Fizi zilipona kabla ya harusi. Meno yalichelewa. Siku yenyewe nilikaa pembeni ya Mwanaidi, meno yakiwa kahawia kama siku niliyoanza, mkono mmoja nimeshika maua yake. Joto lilikuwa kali. Mtu akanipa chupa ya maji ya baridi kabisa. Nikanywa kidogo nikingoja maumivu. Hayakuja. Nikanywa tena funda kubwa, nikacheka, na mikono yote miwili ilikuwa na vitu. Mpiga picha akapiga. Picha hiyo ipo ukutani kwa Mama Mwanaidi, na mdomo wangu uko wazi wote.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na yule mama aliyefunga biashara siku ya soko. Wewe unayesoma, uliza kwanza rangi ya meno yako imetoka wapi, ndipo utafute dawa. Katika mafungu yangu manne, lililobaki bila madhara ni lile la mswaki wa mti na maji.

Kurasa zimebaki nyingi, na kalamu nimeifunga kwa uzi. Niandikieni hapa chini mlijaribu nini, na kiliwafanya nini. Nikirudi kuangaliwa nitasoma, na nitajibu, ingawa polepole.