Baraka Niliyoitemea Kazi ya Rhobi

Nilimaliza darasa la saba mwaka sitini na tisa, na kwenye hesabu nilikuwaga wa pili. Wa kwanza, Makongoro, alikuwa anaibia. Naandika hili mjue kwamba aliyeharibu kazi ya Rhobi hakuwa mjinga.

Rhobi ni mjukuu wangu, anasomea udaktari wa fizikia, si wa sindano. Desemba alipita hapa Butiama akielekea ng'ambo, na kiboksi kama cha hereni. Ndani mlikuwa na kijibati cheusi, kidogo kuliko punje ya mahindi.

"Bibi, humu kuna nukta ambazo jicho halizioni. Kila moja inashika elektroni moja tu, nayo ndiyo itapiga hesabu za kompyuta."

"Sasa shida iko wapi?"

"Nukta zikipishana ukubwa kidogo tu, hazielewani. Joto likiingia, elektroni inatoroka. Lazima tuzipoze kwa baridi kali kuliko barafu yoyote. Unyevu kidogo, vumbi kidogo, kwisha. Nimetengeneza vijibati thelathini, kimekubali hiki kimoja. Kisipopimwa Januari, nafasi yangu anapewa mwingine."

Nilitikisa kichwa kama mhadhiri. Nilichoelewa ni kimoja: kuna kitu kinataka kutoroka. Kwetu kitu cha safari hakiondoki bila baraka. Mzee anajaza maji mdomoni, anatema, puuu! Nimetemea ng'ombe, wakwe, hata pikipiki ya mwanangu Fredi.

Asubuhi, Rhobi akioga, nikafungua kiboksi. Puuu! Kisha nikakipangusa kijibati kwa kanga ya kanisani, maana sisi ni watu safi.

Alitoka bafuni akanikuta nakiombea. Akakaa sakafuni na taulo lake.

"Bibi, umekitemea mate?"

"Ni maji! Mate kidogo tu."

Jirani yangu Dorotea, aliyekuja kuomba chumvi, alicheka mpaka akashika mlango. "Wa pili kwenye hesabu!"

Rhobi hakucheka. Alimpigia profesa wake. Nikampokonya simu.

"Mwalimu, mkosaji ni mimi. Usimnyime mtoto nafasi kwa sababu ya mdomo wa bibi yake."

Profesa akauliza maji yalikuwa ya bomba au ya kisima.

"Ya kisima."

Akaguna, akampa Rhobi hadi Machi atengeneze kingine. Mchana ule ule mtoto akarudi chuoni, Krismasi akaikosa. Mguu wa mbuzi niliomwekea niliula mwenyewe, kwa majuto, hadi mfupa.