Chafya ya Sigilai

Chepyegon alikuwa na sikio ambalo watu wa Mogogosiek hawakujua walifanyie nini. Alifanya kazi kiwandani, upande wa mashine za kukatakata majani ya chai, na pale ambapo wenzake walisikia kelele za kupasua kichwa, yeye alisikia ngoma. Akitoka kazini anakimbilia chumba chake nyuma ya nyumba ya bibi yake, anawasha kompyuta yenye kioo kilichopasuka, anatengeneza tekno: muziki wa mashine, usio na gitaa wala kiitikio, mdundo mmoja unaokwenda na kwenda kama mtu anayetwanga na hajui kuchoka. Anaziweka nyimbo mtandaoni. Wasikilizaji wake wakubwa walikuwa yeye mwenyewe na rafiki yake Okeyo wa kiwandani, na Okeyo alikuwa anasikiliza kwa huruma.

"Hiyo ni posho mill ya mahindi imeharibika?" Kogo alimuuliza siku moja. Kogo ndivyo walivyomwita bibi.

Kudharauliwa kulimuuma, nami simlaumu kwa hilo. Alitaka wimbo mmoja tu usikike nje ya chumba kile. Kwa ajili ya wimbo huo mmoja angeuza chochote, na kilichokuwa karibu kilikuwa cha dada yake.

Dada huyo, Rodah, alikuwa amengoja mtoto kwa miaka mingi, watu wakimwonea huruma ya mdomoni na kumsema nyuma ya mlango. Alipojifungua mtoto wa kiume, Kogo alisema kanisa lingoje kidogo. Mchungaji angempa jina la kanisani, Enock, hilo halina neno, lakini kwanza wanawake wa nyumbani wakae naye ndani wamwitie majina ya wazee waliokufa, moja baada ya jingine, ugoro ukipitishwa karibu na pua yake. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake, mzee huyo amerudi. Mwanamume hakai mle ndani. Chepyegon alilijua hilo tangu anakua, na ndiyo sababu aliingia mapema, akajifanya anachaji simu, akaiacha juu ya kabati ikirekodi.

Simu ilinasa kila kitu. Sauti za wanawake zikiita, zikinyamaza, zikiita tena. Kogo akasema, "Sigilai!" Chafya ndogo, kavu, safi. Kisha vigelegele, kisha mtoto akaanza kulia kwa sauti nzito kuliko umri wake, na Rodah akawa anambembeleza kwa muda mrefu, akilirudia lile jina kama mtu anayelionja.

Mtu mwenye moyo angekaa chini na kusikiliza. Chepyegon alipiga makofi. Ile chafya ilikuwa ndicho kitu alichokitafuta mwaka mzima. Aliikata, akaipandisha sauti, akaibandika juu ya ngoma nzito, akaifanya iwe inaangukia mahali ambapo mdundo unanyamaza kisha unarudi kwa kishindo. Majina akayazungusha mpaka yakawa kama upepo. Kilio cha mtoto na sauti ya dada yake hakuona vina kazi. Kompyuta ilikuwa imejaa, akavifuta.

Wimbo aliuita "Sigilai". Lebo moja ndogo ya Ujerumani, inayotoa nyimbo za watu wasiojulikana, iliuchukua mara moja. Wakamwambia hawajawahi kusikia kitu kama hicho, naye akatembea wiki nzima kifua mbele, mpaka majirani wakadhani amepandishwa cheo kiwandani.

Mtoto alikufa Julai, kwenye ile baridi ya vilima vya Konoin inayoingia hadi kwenye mifupa. Kifua kilimshika akiwa bado hajaota jino. Walimzika nyuma ya nyumba, watu wachache, na Kogo akasema jina lile lisitajwe tena pale nyumbani mpaka aje mtoto mwingine. Rodah hakulia mbele ya watu. Alirudi kuchuma chai. Alikuwa na picha ya siku ya kanisa, lakini sauti hakuwa nayo. Simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, na nani hurekodi mtoto akilia? Unadhani atalia miaka.

Ujumbe wa Ujerumani ulifika siku chache baada ya mazishi. Wimbo uko tayari kutoka, tuendelee? Chepyegon alimwonyesha Okeyo wakati wa mapumziko.

"Bro, ngoma ni moto," Okeyo alisema. "Lakini mama ya mtoto anajua?"

"Rodah na tekno wapi na wapi? Hakuna mtu hapa anasikiza hii maneno."

"Waambie watoe hiyo chafya."

"Nikitoa chafya, imebaki nini?"

Kweli kisingebaki kitu. Chepyegon akaandika kwamba waendelee.

Wimbo ulitoka, na safari hii ulisikika. Vijana wa mbali waliuchukua wakautengenezea mtindo wa kucheza: mdundo ukinyamaza wanajishika pua, chafya ikija wote wanapiga chafya pamoja na kujitupa nyuma. Video zilizunguka dunia zikarudi mpaka Mogogosiek. Siku moja mchana, kwenye kituo cha kupimia majani, Rodah akiwa kwenye foleni na kikapu mgongoni, wasichana fulani waliweka simu juu ya ukuta wakaanza kucheza. Aliisikia sauti ya Kogo. Akamsikia mtoto wake. Foleni nzima ikapiga chafya na kuangua kicheko, hata karani wa mizani, na mwanamke mmoja akamshika Rodah mkono amfundishe.

Jioni Rodah alimkuta Chepyegon mlangoni pa chumba chake. Chepyegon alipoona uso ule alijiweka tayari kwa kofi, na kofi lingekuwa rehema.

"Ile chafya ni ya mtoto wangu," Rodah alisema. "Siku ile simu yako ndiyo ilikuwa juu ya kabati."

"Nilitaka kukuambia."

"Sikuja kugombana. Nataka unitolee hizo ngoma, nimsikie yeye peke yake. Kuna mahali alilia nikamnyamazisha. Nakumbuka sana. Si iko?"

Hapo ndipo angesema kweli. Neno moja tu, nimeifuta, halafu dada amlaani, amalize. Lakini waoga huwa na haraka ya kupendeza.

"Iko," alisema. "Nipe kesho niisafishe."

Wanaotengeneza tekno hugawana sauti mtandaoni: mvua, mbwa, glasi zikivunjika. Chepyegon alitafuta mpaka akapata mtoto akilia, mtoto wa watu, wa nchi ambayo hakujua hata ni ipi. Akaitanguliza ile chafya iliyopunguzwa makali, akaunganisha na kilio hicho, akaweka na mvumo wa chumba ili paonekane ni nyumbani. Aliifanya kazi hiyo kwa ustadi, tena katikati alijikuta anaifurahia, na hilo silisahau. Akaitia kwenye kadi ya kabambe ya Rodah.

Rodah aliisikiliza akiwa amesimama kando ya shamba, simu ameikandamiza sikioni, aproni ya plastiki bado imelowa umande. Machozi yaliyokataa kutoka siku ya mazishi yalimtoka yote. Aliirudia, akairudia tena.

"Mimi siko hapo," alisema. "Sijisikii."

"Ulikuwa mbali na simu."

"Haidhuru. Ni yeye." Akajifuta uso kwa mkono wenye utomvu wa chai. "Unajua kichwa kilikuwa kimeanza kunidanganya? Nilikuwa nasikia sauti nzito nzito, kama ya babake. Kila nikilala ni hiyo hiyo nzito. Kumbe ilikuwa nyembamba hivi."

Alimtazama kaka yake, akingoja amthibitishie.

"Ndiyo," Chepyegon alisema. "Ilikuwa nyembamba."