Korongo Haliendi kwa Watu

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, nilimfundisha mdogo wangu namna ya kupotea porini, naye akajifunza vizuri kuliko nilivyotaka.

Kijiji chetu kiko upande wa Itigi, pale ambapo mashamba ya uwele na alizeti yanakwisha ghafla na kichaka kinaanza. Mgeni akikiona kichaka kile hudhani ni vijiti tu. Miti yake si mirefu, lakini imeshikana kiasi kwamba mbuzi akiingia hatua kumi humwoni tena, unabaki kusikia kengele. Hata wazee wenye mizinga ya nyuki humo ndani waliingia wawili wawili.

Bibi, mama yake baba, alitupa sheria ya kichaka kile kabla hata hatujajua kuhesabu. Alisema pori humfunga mtu macho. Ukigundua umefungwa, vua nguo yako, igeuze ndani nje, uivae, kisha ukae pale pale ulipo.

"Hatua utakayopiga baada ya hapo si yako, ni ya pori," alikuwa akisema. "Kaa chini. Pori huchoka kumfunga mtu aliyekaa."

Kijiji kizima kiliishi na sheria hiyo, Wakristo kwa Waislamu. Mimi tu ndiye niliyekuwa na kitabu.

Nilipewa na mwalimu wa mazoezi alipomaliza muda wake shuleni kwetu. Hakikuwa na jalada. Kilihusu mvulana aliyepotezana na baba yake, mkata mbao, katika msitu wa nchi moja ya mvua nyingi. Alikula mizizi, akalamba umande, akalala juu ya miti kwa kuogopa chui, na alipokutana na kijito akakifuata kushuka nacho siku thelathini, mpaka akatokea kwenye kijiji cha wavuvi na kumkuta baba yake anatengeneza nyavu. Nililia nilipofika hapo. Nilikisoma tena tangu mwanzo siku ile ile. Nilikipenda kitabu kile mpaka nikaota pembe. Nikaanza kuwatazama watu wa kwetu kama watu waliobaki nyuma.

Mwanaidi, mdogo wangu wa miaka saba, alikuwa bado anasoma kwa kuunga silabi. Kwa hiyo nilimsomea mimi, tukiwa malishoni. Alikaa amekumbatia magoti, na penye chui alinishika mkono. Nami, niseme ukweli, nilitia chumvi. Kitabu kilisema maji huenda kwa watu. Kwamba anayerudi nyuma porini hufa, hayo niliyaongeza mwenyewe, kwa sababu yalimfanya atoe macho.

"Sasa Bibi mbona anasema tukae?" aliniuliza siku moja.

"Bibi hajasoma," nikamjibu.

Hadi leo nikiikumbuka sauti niliyoitumia, naona aibu.

Ilikuwa kiangazi, makorongo yote yamekauka, wakati mbuzi jike mmoja mwenye mimba alipopenya kichakani. Ilikuwa zamu yangu kumfuata. Nikamwambia Mwanaidi, "Nenda wewe, nimalize ukurasa huu." Nilimaliza kurasa tisa. Nilipoinua kichwa, mbuzi alikuwa amesharudi, anatafuna bila wasiwasi, na Mwanaidi hayupo.

Niliita mpaka sauti ikakauka, kisha nikakimbia nyumbani. Niliwaambia ameingia kichakani kufuata mbuzi. Habari ya kitabu sikuitaja.

Jua lilikuwa bado halijazama wanaume walipoingia na madebe. Huo ndio utaratibu wetu: hupiga debe, hunyamaza na kusikiliza, hupiga tena. Hawakwenda mbali. Kwa nini waende mbali? Kila mtoto wa kijiji alijua kwamba aliyepotea hukaa, kwa hiyo wenye akili zao wakazunguka karibu na pale alipoingilia, duara juu ya duara, wakichungulia kila kivuli wakitafuta gauni lililogeuzwa. Giza likawatoa. Kesho yake alfajiri wakaanza tena, duara zile zile.

Mimi peke yangu nilijua kwamba hakukaa. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Kuna korongo linaanzia hapo karibu na kushuka kuelekea kusini, mchanga mtupu, na mimi mwenyewe nilishawahi kumwonesha kwa kidole nikimwambia, "Huo ndio mto wetu." Mama alikuwa amekaa mlangoni hana kilio tena, anapangusa tu magoti yake kama yana vumbi. Nilimwona, nikampita. Nikisema korongo, nitaulizwa nimejuaje. Nikisema nimejuaje, itajulikana nilimtuma mtoto wa miaka saba porini ili nisome.

Saa sita mchana nikamfuata baba, aliyetoka kunywa maji.

"Baba, Mwanaidi hajakaa. Ameshuka na korongo."

"Nani kakwambia, mama?"

"Kitabu."

Baba alinitazama kwa macho mekundu. Baba mdogo Shabani, aliyekuwa nyuma yake, akasema kwa upole, "Huyu naye amechanganyikiwa. Mpeni uji alale." Wakarudi kichakani. Sijawahi tena katika maisha yangu kuwa na neno la kweli mkononi lisilo na kazi hata kidogo.

Bibi ndiye aliyenifuata nyuma ya zizi. Hakuniuliza kama nimekula. Aliuliza, "Ulimwambia nini mwenzio?"

Nikamwambia yote: mto, wavuvi, anayerudi nyuma hufa, kurasa tisa. Nilitegemea fimbo, nikaitamani hata. Bibi akasema, "Kumbe hatua anazopiga si za pori. Ni zako." Akajifunga kitenge upya akaenda kuwaita wanaume, na kwa kuwa ni yeye, walimsikia.

Walilifuata korongo alasiri nzima. Waliona nyayo ndogo mchangani, kisha jua likazama. Makorongo ya kwetu, msomaji, hayaendi kwa watu. Mvua ikinyesha yanakimbia siku mbili tatu na kuishia mbugani, penye magadi na matope, na kiangazi hapo hakuna kitu isipokuwa vidimbwi vya maji ya magadi na weupe unaoumiza macho. Mwandishi wa kile kitabu hakudanganya. Alisema kweli ya nchi yake.

Asubuhi ya siku ya tatu wachunga ng'ombe waliokuwa wakivuka mbuga ile ndio waliomwokota. Alikuwa hai. Alikunywa yale maji ya magadi, midomo ilipasuka na tumbo lilimsumbua miezi. Walipomfikisha kwetu mgongoni, mama alipiga vigelegele vilivyokatikia njiani.

Nilitaka kumwuliza, nilitaka kumwomba radhi, lakini Bibi alisimama katikati. Kwetu mtu aliyetoka porini haulizwi alikopita. Hupewa uji wa uwele akiwa ameketi kizingitini, na safari yake huachwa mpaka aiseme mwenyewe, kwani kumwuliza ni kumrudisha. Kila mtu alitii. Nami nikakimbilia ndani ya utii huo kama panya shimoni. Bibi alifariki miaka mingi baadaye bila kumwambia mtu nilichomwambia nyuma ya zizi.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawasemi kwamba mara nyingine guu linalovunjika ni la mwenzio.

Mwaka jana nilikwenda kumsaidia Mwanaidi kuvuna. Yeye sasa ni mama wa watoto wawili. Tulikuwa tunapepeta alizeti, hatuzungumzi lolote la maana, mara akasema tu, mikono ikiendelea na kazi:

"Dada, unajua madebe niliyasikia?"

Ungo ulinitulia mikononi.

"Jioni ile ile ya kwanza. Yalikuwa nyuma yangu, karibu kabisa. Hata sauti ya baba mdogo niliijua."

Nikavunja sheria ya Bibi. "Sasa mbona hukurudi?"

"Ulisema anayerudi nyuma anakufa." Alisema bila lawama yoyote, kama mtu anayekumbushia bei ya sukari. "Nikaziba masikio, nikakimbia."

Nilimwambia wakati huo huo kwamba maneno yale hayakuwemo kitabuni, kwamba niliyatunga mimi ili kumtisha. Nilikuwa nimeyabeba miaka yote hiyo nikidhani siku nitakayoyatua nitapumua. Mwanaidi alinitazama, akatabasamu kama watu wanavyomtabasamia mgonjwa.

"Hapana, dada," akasema. "Yalikuwemo. Nakumbuka ukiyasoma."

Nikarudia. Akatikisa kichwa, akamwaga alizeti nyingine kwenye ungo wangu.