Mshipa Uliobakiza Wiki Mbili

Katika mitaa ya wakata miwa kule Chinandega, hawasemi figo za fulani zimekufa. Husema tu ana kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo zimeshindwa kuichuja, kama vile ana mafua.

Eleuterio Munguía alikata miwa misimu kumi na tisa. Wa ishirini ulipokaribia kiwanda kikampima damu, kikaikuta kreatinini, kikamrudisha nyumbani na panga lake. Daktari wa zahanati, mama mmoja mpole aitwaye Ocampo, akambonyeza mkono wa kushoto.

"Don Eleuterio, nenda hospitali ya León sasa wakuunganishe mishipa hapa. Baada ya miezi miwili mshipa utanenepa. Siku ukihitaji mashine ya kusafisha damu, mahali pa kuchoma sindano pako tayari."

"Mbona sijisikii mgonjwa, daktari?"

"Ndiyo maana nakwambia leo."

Nyumbani alimkuta binamu yake Ubence, naye ana kreatinini, akila wali na maharage kana kwamba mwenye nyumba ni yeye.

"Usithubutu, binamu," Ubence akasema. "Jirani yetu Chilo alikaa kwenye mashine wiki mbili, akafa. Mkwewe siku tisa. Ile mashine inamaliza watu."

Migdalia, mke wa Eleuterio, akageuza mkate wa mahindi kikaangoni. "Hao walifikishwa wamebebwa, Ubence. Hata wangepelekwa kanisani wangekufa."

"Basi mpeleke kanisani, shemeji. Ni karibu."

Eleuterio akacheka hadi akapaliwa. León hakwenda. Alikunywa maji ya magome, akapalilia mashamba ya ndizi, na kwa mwaka mzima na ushei akawa anamtania mkewe kwamba kreatinini imemsahau.

Haikumsahau. Asubuhi moja aliamka amevimba uso, pumzi haipandi wala haishuki. Jirani akampakia nyuma ya gari lake. Hospitalini hapakuwa na muda tena wa kungoja mshipa wa mkono ukomae. Walimpitishia mpira shingoni, wakamuunga kwenye mashine.

Na mashine ikamfaa. Siku ya tatu alikula jibini, akaomba nyingine. Ndipo wakamuunganisha mishipa ya mkono. Mpasuaji akasema, "Usiloweshe shingo hata tone, mzee. Mpira ule ni mlango wazi, na uchafu haubishi hodi. Vumilia miezi miwili tu."

Ilikuwa Machi, na nyumba yao ni ya mabati. Jasho lilimtiririka chini ya plasta, vumbi la barabarani likiingia lipendavyo. Migdalia alimpepea mpaka mikono ikafa ganzi. Kila kukicha Eleuterio aliweka sikio kwenye mkono wake, akisikiliza damu ikivuma.

"Inanguruma kama kinu cha miwa, mama. Mshipa unakomaa."

Wiki ya sita alianza kutetemeka akiwa palepale kwenye mashine. Uchafu ulikuwa umeingia kwenye damu. Alikufa Alhamisi. Muuguzi aliyemfunika alikuwa ameugusa mkono ule Jumanne, akasema umebakiza wiki mbili.

Mazikoni Ubence alibeba jeneza, akalia kweli, kisha akajifuta uso na kofia.

"Nilimwambia. Mashine."

"Si mashine," Migdalia akasema. "Ni ule mwaka tuliokaa tukicheka."

Sauti yake haikufika mbali. Pembeni ya kaburi walisimama wanaume wanne wengine wenye kreatinini, na wote walikuwa wakimtazama Ubence.