Fundi wa Tangi kwenye Kliniki ya Meno

Kila Jumanne fundi wa tangi la samaki huingia kwenye kliniki ya meno akawasalimia samaki kwanza. Wagonjwa wenye mashavu yaliyovimba watasubiri. Karani wa mapokezi amemzoea: vidole vilivyonyauka kwa maji ya chumvi, mluzi usio na wimbo, na kile kichupa cha maji ya tangi anachotia matone ya dawa, akakitikisa na kukiinua dirishani. Maji yakigeuka buluu iliyokolea, basi fosfeti, kemikali inayochafua maji, imezidi. Wiki tatu mfululizo yalikolea, ingawa alibadilisha maji na chujio, na matumbawe yakaanza kupauka. "Hiki ni chakula kinachooza," alisema. "Nani anawalisha kupita kipimo?" Wagonjwa wakajitia kusoma magazeti. Daktari mwenyewe akatoka, ngumi moja kaifumba, akaapa kwa mbingu na ardhi kwamba si yeye, huku samaki wote wakimkimbilia kwenye kioo, midomo wazi. Karani akajiuma ulimi asicheke. Fundi akamsogelea daktari taratibu, akamwambia kwa ile sauti laini ambayo daktari huwatulizia wagonjwa: "Fungua mkono, daktari. Haiumi hata kidogo." Ngumi ikakunjuka polepole, chakula cha samaki kikamwagika sakafuni.